Mikono Ishirini na Minne ya Kushoto

Kwa miaka minne Mama Mkasi alikuwa akimeza kidonge cha kutuliza wasiwasi kila asubuhi, kabla hata hajasema na mtu. Vidonge hivyo alivianza pale mama yake alipoanguka bafuni akakata roho mikononi mwake. Tangu siku hiyo moyo ukawa unamwenda mbio bila kufukuzwa. Vidonge vilimtuliza, ni kweli, lakini vilimfanya pia awe kama mtu anayesikia mambo ya dunia akiwa chumba cha pili. Hata kwenye sala alisinzia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alipomwambia daktari kwamba amechoka navyo, daktari hakubisha. Alimwelekeza ameze nusu kwa mwezi mzima, kisha arudi waonane, ndipo waingie kwenye robo. Asiviache ghafla, alimwonya mara mbili.

Sasa, Mama Mkasi ni mkataji. Katika karakana yao ya sare za wauguzi, wenzake wote wanakaa kwenye cherehani. Yeye peke yake husimama kwenye meza ndefu, na kila nguo hupita kwanza mkononi mwake. Amezoea kupiga mkasi mara moja, akamaliza. Basi alipoona nusu imempa wiki mbili za amani, akaona hiyo robo ni kupoteza wakati tu. Vilivyobaki akavitupa chooni, akamshukuru Mungu, akaenda kazini.

Siku ya tatu mwili ukamgeuka. Jasho likamtoka asubuhi ya baridi, usingizi ukamhama, mlio wa cherehani ukawa kama unapita ndani ya meno. Aliona haya kusema, akaomba dua na kuendelea. Siku ya sita akatandika kitambaa cha mikono ya sare, tabaka ishirini na nne, akachora kwa chaki, akakata.

Kitambaa kile kina uso, upande wa kuonekana, na mgongo, upande wa ndani. Hutandikwa tabaka moja uso juu, ya pili uso chini, ndipo itoke mikono ya kulia na ya kushoto. Mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo. Yeye alitandika zote uso juu.

Aliyegundua ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anayeshona kwenye cherehani iliyo karibu na meza yake. Aliunga mkono wa kwanza kwenye sare, akachukua wa pili, akaugeuza huku na huku.

"Wifi, hawa wauguzi wote wana mikono miwili ya kushoto?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mama Mkasi naye alijaribu kucheka, ikatoka pumzi tu. Mwenye karakana hakucheka. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma, kwamba kosa likirudi, meza atampa mwingine na yeye atahamia kwenye vifungo.

Mchana wifi alimkuta nyuma ya karakana, amekalia ndoo iliyofunikwa, kiganja kifuani. Alijua habari za vidonge, akadhani vimemwishia tu, akamshauri akaombe vingine, ameze kimoja kizima, mambo yaishe, nani atamlaumu? Mama Mkasi alikiri kwamba wazo hilo analo tangu asubuhi. Kisha akamweleza yote, mpaka la chooni.

"Umeambiwa kidogo kidogo," wifi alisema. "Wewe nawe, kila kitu ni cha kukata?"

Walikwenda wote kwa daktari. Alimkemea kidogo, akamrudisha kwenye nusu, na robo safari hii ikapangiwa miezi. Akamfundisha kutoa pumzi polepole. Akamwambia pia kwamba ule wasiwasi wa zamani huenda ukarudi kumtembelea, na itabidi afanye kazi nao ukiwepo. Mama Mkasi alitegemea habari njema kuliko hiyo.

Robo ya mwisho ilikwisha mwezi wa tano. Wiki chache baadaye ikaja tena kazi ya mikono ya sare, na moyo ukaanza mbio zake. Hakuungoja utulie. Alitoa pumzi, akamwita wifi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, amshikie upande wa pili wa kitambaa.

"Taja kwa sauti," alimwambia.

"Uso juu. Uso chini. Uso juu."

Mgongo wa Mama Mkasi ulikuwa umelowa jasho walipofika ishirini na nne. Akachora, akakata. Kumi na miwili kulia, kumi na miwili kushoto.

Wifi alimuuliza kama sasa amepona. Mama Mkasi alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema hajui. Ila meza bado ni yake, na vipande vya migongo ya sare vinangoja kukatwa.