Saa Moja Mawengi

Mwanangu Neema, tangu jana uliponionyesha mpango wa safari yako na mumeo huko Italia, kuna siku moja imenirudia kichwani na haitaki kuondoka. Siku saba, gari la kukodi, miji kumi na moja ya vilimani. Nimeisoma karatasi yote hapa Mjimwema, miwani puani, na nimefurahi kweli. Ila nimeona kwamba Sista Agnese, aliyekulea bwenini na sasa amezeeka huko kwao, umempa saa moja tu, Jumatano, kati ya mji na mji.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilipopata gari langu la kwanza, pikapu kuukuu, nikiwa Makambako, nilichukua likizo ya wiki moja nimtembeze baba yangu. Nikapanga: leo Njombe, kesho Mawengi alikozaliwa, jioni yake Ludewa, kisha Ziwa Nyasa, turudi kwa kupitia Makete. Hata muda wa kunywa chai niliuandika.

Baba alikuwa na jambo lake moja tu, nami sikumuuliza. Ujanani alikwenda Tanga kukata mkonge, na akiwa huko mama yake akafariki. Shangazi Rozina, dada yake, akamzika bila kaka. Baba aliporudi aliishia Makambako. Aibu ilimzuia kufika kwao. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye.

Huko Mawengi, Shangazi alitupokea vizuri. Akatupa ugali na kuku, akauliza habari za mvua, habari za watoto. Saa moja niliyoipangia Mawengi ilipotimia, nikasimama na funguo mkononi.

"Shangazi, tunashukuru. Ludewa wanatungoja."

"Haya, mwende salama," akasema, basi.

Hatujafika mbali baba akaniambia, "Simamisha." Nilidhani anataka kujisaidia. Kumbe alishuka akaanza kupanda kilima kurudi tulikotoka, mzee wa watu, na goti lake bovu. Nikamkimbilia.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Si tumeshamwona?"

Akasimama kuvuta pumzi. "Wewe umemwona. Mimi bado."

Sikufichi, nilikasirika. Lakini niligeuza gari. Siku ile Shangazi alitutandikia tu mahali pa kulala. Siku ya pili mvua ilinyesha kutwa, wakakaa jikoni wakimenya viazi, kila mmoja na kisu chake, maneno ya kuhesabu. Siku ya tatu asubuhi akamwambia baba, "Vaa viatu." Tukamfuata hadi nyuma ya shamba la mahindi, kwenye kaburi ambalo baba hakuwahi kuliona. Hapo Shangazi akaanza kulia na kumfokea.

"Nilikungoja, kaka! Nilikungoja!"

Baba akapiga magoti kwenye tope. "Nisamehe, dada."

Nilisogea pembeni, nikawaachia. Walirudi nyumbani wameshikana mikono kama watoto wadogo. Tulibaki Mawengi hadi likizo ikaisha. Ziwa Nyasa sikuliona mwaka ule wala uliofuata.

Sikulaumu, mwanangu. Ukiwa kijana na usukani uko mkononi mwako, kila mji usioufikia unauona kama umepotea. Lakini nakuomba, futa miji sita. Mpe sista wako siku mbili nzima, tena mwanzoni, kabla hamjachoka. Saa ya kwanza mtu hukupa chakula na habari za mvua. La moyoni hulitoa akishaamini kwamba huondoki. Na muulize mumeo yeye anakwenda kutafuta nini huko, maana mimi kosa langu lilianzia hapo: nilimpangia baba safari bila kumuuliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akushike kwenye kona na miteremko ya ugenini, akukutanishe na watu wema, na hao unaowapenda akuwekee uhai wao mpaka mzungumze mkatosheka.