Swila wa Shinyanga Kwenye Baridi ya Kibimba

Nakumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu, na ningekuwa na uwezo ningeisahau. Lakini nasikia siku hizi vijana mnasafirisha nyoka kwenye madumu, kutoka mkoa huu hadi ule, wengine wa kuonyesha watu sokoni, wengine wa kujivunia tu. Kwa hiyo nitaisema.

Sisi ni Wasukuma. Baba alitutoa Shinyanga kufuata malisho, na tulipofika Kibimba huku Ngara tukapangiwa kiwanja kwenye kijiji cha ujamaa, katikati ya Wahangaza, watu wa migomba, kahawa na kanisa. Walitupokea vizuri. Jirani yetu, Baba Paskali, alitupa mbegu za maharage hata kabla hatujaezeka nyumba. Ila kaka yangu Masanja ugeni ulimuuma. Kwetu alikuwa Myeye, mcheza ngoma ya nyoka, na akina mama walimpigia vigelegele. Huku alikuwa jembe moja kati ya majembe mengi kwenye shamba la kijiji.

Basi akarudi Shinyanga, akaja na swila mweusi kwenye kapu la mfuniko.

Baba naye aliicheza ngoma hiyo ujanani. Alilitazama kapu, uso ukamkunjamana.

"Huyu umemtoa kwenye jua lake," alisema. "Dawa yake inaota kwenye mawe ya kwetu. Hapa akikuuma utachimba nini?"

"Mizizi nimebeba, baba."

"Na ikiisha?"

Masanja akacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini afadhali guu lake lingevunjika, tungelifunga vijiti likapona.

Unaijua baridi ya milima hii wakati wa mvua. Ukungu unaamka na wewe na kushinda na wewe. Ile mizizi aliyoitundika juu ya mlango ikaota ukungu mweupe, ikawa inanuka. Swila akakataa panya, akakataa vyura. Akawa amejikunja tu ndani ya kapu, ngozi imefifia. Masanja alipomgusa kichwa hakuinuka. Siku zikapita, akaanza kumshika kwa mkono mtupu, akatuita tuone.

"Amenizoea," akasema. "Huyu sasa ni mtu wa nyumbani."

Sote tuliamini, hata mimi niliyekuwa mwoga kuliko kuku. Mkewe Kulwa, msichana wa kucheka ovyo, aliyeolewa kwetu mwaka uleule, alijifunza kumpapasa mgongoni kwa kidole. Sikuwa na dada, mwanangu. Kulwa ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenifundisha kusonga ugali bila mabonge. Nilimpenda sana wifi yangu.

Watu husema ukimwona simba amenyeshewa usimdhanie paka. Sisi tulimdhania paka.

Vita vya Kagera vikaja. Kijiji kikaandaa ngoma ya kuwaaga vijana wa mgambo wanaokwenda mstari wa mbele, na Masanja akapewa nafasi ya kucheza. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu tuhamie. Asubuhi akamwangalia nyoka wake, akamwona amelegea kama kamba iliyolowa. Aibu gani hiyo, kucheza na nyoka aliyelala! Akamwambia mkewe, "Msogeze jikoni apate joto kidogo," naye akaenda kufunga njuga.

Kulwa akaliweka kapu kando ya mafiga. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Tulizungumza, tukacheka, uji ukachemka. Kisha akafunua mfuniko, akaingiza mkono kumpapasa kama alivyozoea.

Hakupiga kelele. Aliushika mkono wake akaniambia, "Wifi, ameniuma. Masanja asisikie sasa, ataharibikiwa na ngoma yake."

Nilitoka mbio nikipiga yowe. Baba akaja, akafunga mkono kwa kitambaa, akaitwanga ile mizizi iliyooza. Baba Paskali akafika na majani yake, akamtazama nyoka, aliyekuwa ametoka kapuni, akiyoyomea migombani, akayashusha majani chini.

"Wa kwetu nawajua," alisema. "Huyu simjui, mzee mwenzangu. Nisije nikamdhuru binti."

Zahanati haikuwa na sindano ya kuzuia sumu ya nyoka. Lori la kijiji lilikuwa limekwenda vitani. Wahangaza wakafunga ingobyi, machela yao ya fito, wakambeba kwa kupokezana kwenda hospitali mjini, wanaume ambao dakika chache nyuma walikuwa wanajiandaa kucheza. Kope zake zilikuwa nzito, mate yakimshinda kumeza. Alinitafuta kwa mkono, nikamshika. Tulipoanza kuona mabati ya Nyamiaga, kule kwenye hospitali, kifua chake kikaacha kupanda.

Wanasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Uongo. Tulilia mpaka sauti zikakauka. Na baba, mtu wa kukaripia hata kuku, hakumkaripia Masanja hata kwa neno moja. Alimletea uji, akakaa naye chini. Huo ukimya wa baba ulimvunja kaka yangu kuliko fimbo yoyote.

Kesho yake nyoka alikutwa kwenye kahawa, amekufa kwa baridi na njaa. Alikuwa mfungwa tu. Hakutuomba tumlete.

Kwa hiyo nisikilize. Nyoka wa porini mwache porini kwake. Ukimhamisha, unamtesa yeye, na unawapelekea majirani sumu wasiyoijua, mahali ambapo hakuna aliyejiandaa kuitibu. Wala kiumbe kilichotolewa kwao kikinyamaza, usiseme kimekuzoea. Kinaumwa, au kinasubiri joto. Na ukitaka kusifiwa, jisifie kwa jasho lako, usiweke roho ya mwenzio rehani.

Mungu akupe heshima usiyohitaji kuitafuta kwa sumu. Akupe mke wa kucheka, mwanangu, na akuachie uzeeke naye.