Pombe ya Shayiri Iliyoenda Kuposa

Mwenye nyumba wangu wa Kitengela alikuwa mzee wa kanisa, na chini ya kitanda chake aliweka pombe. Sisemi hivi kumchongea. Bila pombe hiyo nisingempata mke niliye naye, na huenda leo ningekuwa mtu mkali anayeishi kwa chapati za kununua.

Nilihamia kwake mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipopata kazi ya maabara katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Mimi ni mtu wa magharibi, wa kule kwenye miwa. Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, mama akanilea kwa mshahara wa ualimu. Mzee alitoka Mkoa wa Kati, alikuwa amestaafu kazi ya afisa wa kilimo, na alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa Amerika. Plot yake ilikuwa na nyumba nne za kupangisha zilizojipanga mstari mmoja, na ya kwake, ya mawe, mbele karibu na geti. Kitengela ya siku hizo ilikuwa bado na nafasi, na asubuhi ukienda kazini ungeweza kukuta pundamilia wamesimama mahali ambapo leo pana duka la mabati.

Serikali ilikuwa imempeleka Uingereza akiwa kijana akasomee mambo ya shayiri. Akarudi na cheti, koti zito ambalo hakuwahi kulihitaji, na ufundi mmoja ambao haukuandikwa kwenye cheti: kupika ile pombe nzito ambayo wenyewe huko huiita mvinyo wa shayiri, ingawa haina zabibu hata moja. Mara moja kwa mwaka mpwa wake aliyelima Narok alimtumia gunia la shayiri kwa lori. Mzee aliiloweka shayiri, akaiacha ichipue, akaianika juu ya mabati hadi ikawa kimea, kisha akaitwanga. Alikimwagia kimea maji ya moto na kuyachuja, akachukua yale maji ya kwanza tu, mazito na matamu. Hayo aliyachemsha tangu asubuhi hadi alasiri pamoja na maua makavu machungu ambayo rafiki yake wa zamani alimtumia kwa posta, mpaka plot nzima ikanukia mkate unaoungua. Wapangaji tuliambiwa ni dawa ya kifua. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyeuliza.

Baada ya hamira kufanya kazi yake, pombe iliingia kwenye chupa za kahawia, na chupa zikaingia chini ya kitanda kwa mwaka mzima au zaidi. "Bia ya duka inanywewa ikiwa mtoto," aliniambia mara nyingi. "Hii lazima ibalehe."

Krismasi yangu ya kwanza pale alinipa chupa moja. Nikafanya ambavyo kila kijana wa rika langu angefanya: nikaiweka kwenye friji ya jirani, nikaitoa ikiwa inatoka jasho, nikainywa kwa mdomo wa chupa nikiwa nimesimama. Niliiona kali, basi. Nikakaa kitini nipumzike kidogo, na nilipoamka kuku wa jirani walikuwa wamemaliza ugali wangu mezani. Nilipomwambia mzee kwamba bia yake ni kali, alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Kali ni pilipili," akasema. "Jumapili ukitoka kanisa ukuje hapa. Na hiyo haraka yako uiwache kwako."

Nikaenda. Alikuwa ametoa glasi ndogo za marehemu mkewe na kuzifuta. Kwenye baa za kwetu mtu huulizwa kama anataka baridi ama moto, na moto maana yake ni bia iliyotoka tu kwenye kreti. Mzee alisema hii haitaki baridi na haitaki moto, inataka kiganja. Akaishika glasi mkononi, akaizungusha, akanusa, akangoja. Mimi nikangoja pia, kwa shida. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nilipoingiza pua nikakutana na sukari nguru, ile ya kwetu inayotoka kwenye kinu ikiwa bado na joto, ambayo baba yangu alikuwa akinivunjia kipande kwa kisu. Nyuma yake kulikuwa na zabibu kavu na ganda la mkate. Nikaonja kidogo sana. Utamu ulikuja kwanza ukajaa mdomoni, halafu uchungu ukaja taratibu ukausafisha, na mwishowe joto likashuka kifuani likakaa huko. Sikuwa nimemfikiria baba kwa miezi mingi. Nilikaa pale kwenye kochi lake la vitambaa vya kufuma nikiinusa tena ile glasi. Mzee aliniongezea kidogo.

Basi Jumapili zetu zikawa hivyo. Nusu glasi kila mtu, maongezi ya mvua na siasa, kisha kila mtu kwake. Nilijifunza kuitofautisha ya mwaka huu na ya mwaka juzi, nikajifunza kwamba ikikaa inapoteza makali na kupata kitu kingine ambacho sina jina lake hadi leo. Chupa ambazo sikuruhusiwa kuzigusa zilikuwa zile chache zilizofungwa kwa gunia pembeni kabisa, karibu na ukuta. Nilidhani ni uchoyo wa wazee. Nilimsamehe, maana hata mimi ningekuwa mchoyo.

Mchumba wangu nilimpata hospitalini Kajiado, nilikopelekwa nikiwa nimeunguzwa mkono na asidi. Yeye ndiye muuguzi aliyenifunga bendeji huku akinigombeza kwa kutovaa glavu, na nilirudi kubadilishiwa bendeji hiyo mara nyingi kuliko kidonda kilivyohitaji. Kwao kulikuwa ng'ambo ya mji wa Kajiado, boma la wafugaji Wamaasai. Baba yake hakunikataa kwa sababu ya kabila langu, kama wajomba zangu walivyokuwa wakinung'unika kuhusu lake. Alitoa sharti moja tu. Nije na mtu wa kunisemea, na nije na enaisho, pombe yao ya asali, ambayo bila hiyo wazee hawakai chini kuzungumzia binti wa mtu. Alitaja na siku. Mwaka huo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ukame ulikuwa mbaya, na baada ya siku hiyo angehama na ng'ombe kuelekea Rombo kutafuta majani, bila kujua angerudi lini. Mchumba wangu alinieleza jambo lingine kwa sauti ya chini: kuna familia ya kutoka Oltepesi iliyokuwa imeshaanza kumuulizia, na wao walikuwa na asali.

Wajomba zangu wakatuma ujumbe kwamba watakuja baada ya mavuno. Asali nikainunua kwa mchuuzi barabarani, maana nyuki wa huko walikuwa wamehama kabla ya ng'ombe. Nikampelekea shangazi ya mchumba wangu aipike. Siku mbili kabla ya siku yenyewe mchumba wangu alinipigia simu. Asali ilikuwa imechanganywa na sukari ya kuchemshwa, na yote imekuwa siki.

"Sasa tutafanya aje?" akaniuliza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiniuliza kitu. Kawaida yeye ndiye hutoa amri.

Nilikwenda kwa mzee si kwa kuomba msaada, bali kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda kukaa. Nikamsimulia yote. Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akainuka, akaenda chumbani, nikasikia chupa zikigongana. Akarudi na lile gunia.

"Mtu wa kukusemea niko hapa," akasema. "Na ya kubeba ndio hii."

"Mzee, hizi si ndizo ulisema nisiguse?"

"Kwani ni wewe umezigusa?"

Tulienda kwa pikapu yake, yeye akiwa amevaa lile koti la Uingereza kwenye jua la Kajiado, mimi nikiwa nimepakata gunia. Baba ya mchumba wangu alitupokea chini ya kivuli cha nyumba pamoja na wazee wenzake. Nikainamisha kichwa akakigusa, ndivyo kijana anavyomsalimia mzee huko. Wao wawili wakapeana mikono. Mzee akafungua chupa ya kwanza kwa utulivu, asiitikise, akamimina kwenye pembe ya ng'ombe aliyopewa.

Baba ya mchumba wangu akanusa. "Hii si enaisho," akasema.

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wengine, na nilimwona akitazama chini. Nilianza kuhesabu kichwani njia ya kurudi Kitengela.

"Ni ya shayiri," mzee akajibu. "Asali kijana alinunua, akadanganywa. Hii nimepika mimi mwenyewe."

Yule baba akaonja, akakaa nayo mdomoni. Wenzake wakaitazama ile pembe. Akaonja mara ya pili, nami nikaanza kupumua, kwa sababu mtu harudii kitu alichokikataa.

"Imekaa siku ngapi?"

"Si siku. Imekaa miaka saba."

Akaishusha pembe. "Enaisho yetu inakaa siku kumi hivi karibu na moto, na hata hivyo wazee wanateta imechelewa. Wewe umeweka miaka saba. Ulikuwa unangojea nani?"

Mzee akavua miwani akaifuta kwa koti. "Niko na kijana yangu Amerika," akasema. "Aliniandikia atarudi aoe. Nikapika hii ya harusi yake. Mwaka ikaisha, nikasema atakuja ile ingine. Siku hizi hata simu hapigi." Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza upungufu wa mvua. "Na huyu naye akaniambia anaoa. Nikaona pombe ni ya harusi, si ya kitanda."

Mimi niliyekunywa naye kila Jumapili sikuwa najua. Nilikuwa nimemwita mchoyo moyoni. Nilitamani kusimama niseme tuifunge tuirudishe, lakini kizibo kilikuwa kimeshang'oka, na kilichong'olewa kimeng'olewa kwa ajili yangu. Sikumbuki kama niliwahi kupewa kitu kikubwa namna hiyo, na aliyenipa alikuwa ameketi kando yangu akitafuta mahali pa kuweka miwani yake.

Baba ya mchumba wangu hakumpa pole. Alinyooshea kidole upande wangu. "Na huyu ni nani yako?"

"Baba yake hayuko," mzee akasema. "Nimekuja mahali pa baba yake."

"Basi kunywa. Baba ya kijana anakunywa na mimi."

Akampa ile pembe. Mzee akanywa, wakapokezana, na ile haraka yote ya ukame na kuhama ikakaa kando. Wale wazee wengine wakaanza kubishana kama hii kitu ni nzito kuliko ya asali, na mmoja akaapa kwamba asali imo, tunamficha. Mwishowe baba ya mchumba wangu akachukua funda, akalipuliza matone matone kifuani mwangu, akanena maneno ya baraka kwa Kimaa, na wenzake wakaitikia "Naai", kumwita Mungu, kila alipopumua. Mlangoni mchumba wangu alikuwa ameinua uso. Alikuwa analia, na pia alikuwa ananikazia macho ninyooshe mgongo.

Tulipoaga, yule baba alimwita mtu alete kondoo, akamtia mzee kamba mkononi. "Paker," akamwambia, "nikitoka Rombo nitakuja kwako."

Mzee akanigeukia kuuliza ameitwa nani. Nilikuwa nimefundishwa, nikamweleza: Wamaasai wakipeana mnyama, huacha kuitana kwa majina, wakaitana kwa kile walichopeana. Waliopeana kondoo ni Paker kwa maisha yao yote. Mzee alirudia neno hilo polepole, akiwa ameishika kamba kwa mikono yote miwili. Njia nzima kondoo alilia nyuma ya pikapu, na kila mara mzee alimtazama kwenye kioo.

Nilioa mwaka uliofuata, na tukaendelea kupanga pale pale. Ninashukuru kwa mke, kwa watoto, kwa zile glasi ndogo zilizonirudishia baba yangu Jumapili moja mchana. Lakini nikiulizwa ni siku gani hasa niliona shukrani kwa macho, nitataja asubuhi moja baada ya mvua kurudi, nilipokuwa bombani nikichota maji. Mtu mrefu mwenye shuka alisimama nje na fimbo yake akaita, "Paker!", akaita tena, mpaka wapangaji wote tukatoka. Mzee alitoka mbio, shati halijafungwa vifungo, kiatu kimoja mkononi. Kwa miaka yote niliyoishi pale, waliokuja kwenye geti lile walikuwa wanatafuta nyumba ya kupanga. Huyu ndiye wa kwanza aliyekuja kumtafuta yeye.