Mzee Aliyetaka Apewe Mkono

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika kwenye habari ya rafiki yangu Bakari sitamvumilia mtu anayecheka. Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mimi, mchana, hapa Magogoni, nikiwa na akili zangu zote.

Mimi na Bakari tulikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Siku moja mama mmoja wa Nyali akatuletea mtambo wa redio wa marehemu baba yake, wa aina ile waliyoitumia zamani watu waliopenda kuzungumza na wenzao wa nchi za mbali. Mtambo wenyewe ulikuwa mzima. Kilichokufa ni kisanduku chake cha umeme: transfoma ya kumvunja mtu mgongo, na kapasita kubwa kubwa zilizovimba. Alitaka tutoe vilivyochoka, tutie vya kisasa, mtambo uwake tena. Kazi kama hiyo haiji kila siku, nami niliifurahia.

Lakini kisanduku kile ni muuaji. Kapasita huweka umeme ndani yake, na hata ukichomoa waya ukutani, umeme unabaki umo, unakungoja. Ndiyo maana sisi mafundi tuna sharti letu: mkono mmoja unafanya kazi, wa pili unakaa mfukoni. Ukiguswa kwenye mkono mmoja utarushwa tu. Ikiwa miwili imeshika, umeme unakatiza kifuani, na hapo huna tena cha kusimulia.

Basi nilikuwa napima umeme kwa mita, mkono wa kulia ndani ya kisanduku, wa kushoto mfukoni. Mvua ikapiga, stima ikapotea, kibanda kikaingia kiza. Nikasikia, "Asalaam aleikum." Mzee wa kanzu amesimama upande wa pili wa meza, ameninyooshea mkono.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, mzee. Niwie radhi, mkono una kazi."

Hakuurudisha. "Hiyo mita ishike kwa kushoto," akasema taratibu, "kulia unipe mimi."

Hebu niambie, mtu aliyelelewa anamjibu nini mzee kama huyo? Nilikaribia kutii, niamini. Mkono wa kushoto ulishaanza kutoka mfukoni. Kilichoniokoa ni kukitazama kiganja chake kwa mwanga wa mlangoni. Katikati palikuwa na kidonda cheusi, kidogo, cha mviringo, kikavu kabisa. Fundi yeyote anaijua alama ile. Ni pale umeme ulipotoka mwilini. Nikaurudisha mkono mfukoni na kuganda pale pale.

"Umeuacha mkono wangu hewani, mwanangu," akasema. Hakukasirika. Alisikitika, na yale masikitiko ndiyo yaliyonitisha zaidi. Stima iliporudi hakuwepo. Mama wa mahamri, anayekaa mlangoni petu na hapitwi hata na paka, alisema hakumwona mtu.

Jioni nilimweleza Bakari yote, hata habari ya kidonda. Bakari alikuwa na adabu mpaka inachekesha; akipigiwa simu na mtu mzima, husimama. Akanikunjia uso.

"Umemwacha mtu mzima na mkono wake hewani? Mafundi wa zamani wote wana makovu. Akija tena nitampa mimi, kwa niaba yako."

Nilimsihi turudishe mtambo wa watu. Akacheka.

Kesho yake nilikwenda Changamwe kutafuta kapasita. Niliporudi nikakuta watu wamejaa mlangoni. Bakari alikuwa ameilalia meza. Bisibisi ilikuwa ndani ya kisanduku, katika mkono wa kushoto, na Bakari hakuwa mtu wa mashoto. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kuvuka meza, kiganja wazi, na mbele yake hapakuwa na kitu.

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Katikati ya kiganja cha kulia nilikiona kile kidonda, nikalia mpaka wenzangu wakanitoa nje.

Mtambo niliurudisha mwenyewe Nyali. Nikamuuliza yule mama baba yake alikufa vipi. Akasema alikutwa mbele ya mtambo huo huo, mkono mmoja ndani, wa pili umenyooka, na hapakuwa na mtu wa kuushika.

Matangani, mamake Bakari, ambaye mkono wake nimeubusu tangu utoto, alininyooshea ili nimpe pole. Wangu haukutoka mfukoni. Niliulazimisha, ukakataa. Akasimama na wake hewani mbele za watu, kisha akaushusha polepole. Mpaka leo haitikii salamu yangu, na simlaumu. Nilimpoteza rafiki, nikampoteza na mama.

Basi wewe unayefungua vyombo vya marehemu, ukiamkiwa na mzee usiyemjua nawe una mkono ndani, itikia kwa mdomo tu. Watasema hukulelewa. Waache waseme.