Mwandiko wa Mama

Juzi nilikwenda kusuka nywele mtaa wa Yeoville. Mwenye saluni, mama wa Kikongo, aliniandikia siku ya kurudi kwenye kikaratasi, nami nikashtuka: herufi zake zilikuwa na mikia mirefu iliyopinda, kama za marehemu mama.

Mama ndiye aliyeanzisha chuo cha kwanza cha kuwafundisha wanawake kusoma na kuandika mtaani pale, chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani. Kilinuka chaki na mafuta ya nywele. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, nimekaa nyuma, nilimwona ameinama, ameushika mkono wa mwanafunzi mmoja, mtu mzima, wakiandika pamoja polepole. Nikaona wivu. Nilidhani anampenda kuliko mimi. Nikavuruga daftari langu makusudi.

“Mama, mimi sijui!”

“Humu ndani mimi ni mwalimu,” alisema bila kugeuka. “Na wewe unajua. Andika.”

Leo naelewa kwamba yule mwanamke alikuwa hajawahi kushika kalamu.

“Nani alikufundisha kuandika?” nilimuuliza mwenye saluni.

“Mwalimu wetu wa hapa juu, wakati huku chini kulikuwa fundi cherehani. Alinishikaka mukono.”

Mwandiko wangu ni wa shule, umenyooka, hauna mkia hata mmoja.