Mgonjwa Namba Moja

Dada yangu ana tabia ya kusimama. Anasimama katikati ya korido ya kliniki, chai inampoa mkononi, macho ameyatupa ukutani mahali ambapo hapana picha wala saa. Wagonjwa wageni hudhani naye amekuja kupimwa. Wenyeji humpisha kimyakimya, maana wanajua kuna kitu anakitengeneza kichwani, na ukimsemesha atakujibu, "Subiri kwanza." Ndivyo jina lilivyomganda. Daktari anamwita Subiri, mfagizi anamwita Subiri, na mimi mdogo wake, nikimkasirikia, namwita Subiri vilevile.

Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Hakuisomea popote. Alianza kama karani wa kujaza kadi za wagonjwa wa presha na sukari, akajifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichotoka jalada, na leo, akiwa na miaka hamsini na mitatu, programu yake ndiyo inayoiendesha kliniki. Inajua nani anakunywa dawa gani, inahesabu zitakwisha lini, na siku mbili kabla inampelekea mgonjwa ujumbe kwenye simu: Usisahau dawa zako. Karibu kliniki. Yote hiyo aliianza kwa ajili ya mama yetu, ambaye alikuwa akisahau vidonge kana kwamba kusahau ndiyo dawa yenyewe. Mama ndiye aliyeandikishwa wa kwanza kabisa. Mgonjwa namba moja.

Mwaka huu ikaja amri. Kila anayeshika programu ya kliniki au hospitali awe na cheti cha bodi ya viwango, na asiyekuwa nacho mwisho wa mwaka aikabidhi kazi kwa kampuni yenye watu wa vyeti. Mimi nilicheka. Mtu amepika miaka kumi na minne, watu wameshiba, leo aje kuulizwa kama anajua kuwasha jiko! Dada hakucheka. Alinitazama kwa yale macho yake ya mbali, akasema, "Wakinichukulia programu ile, mdogo wangu, sitajua pa kwenda asubuhi."

Nilidhani anazungumzia ajira.

Mtihani wa karatasi aliufanya akapita. Ikabaki sehemu ya pili, ambapo mkaguzi wa bodi anakuja kazini kwako, anakaa pembeni, anakuangalia unavyofanya. Dada akaniomba nimsindikize. Mimi ni fundi cherehani, kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi tu, lakini damu nzito kuliko maji. Nikafunga duka, tukaenda.

Tulifika milango ya wagonjwa haijafunguliwa. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linaingia dirishani, vumbi linaelea ndani ya mwanga taratibu, na mabenchi ya ukumbini matupu. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. "Endelea tu kama siku zote," akasema. "Mimi nipo nipo tu hapa." Dada akaanza jaribio lake la asubuhi. Kila siku, kabla mgonjwa yeyote hajaingia, humpitisha mgonjwa mmoja wa majaribio kwenye hatua zote, ajue programu imeamka salama. Akabonyeza. Mgonjwa amepokelewa. Uzito, kilo hamsini na moja. Kwenye presha akaandika namba, akatabasamu.

"Leo ameamka vizuri," akasema, kama anaongea na nafsi yake.

Nikasogea nisome. Jina lilikuwa la mama. Tarehe ya kuzaliwa ya mama. Umri, ambao kompyuta huuhesabu yenyewe, miaka themanini na minne.

Mama alifariki akiwa na sabini na mitano.

Hasira ilikuja baadaye, na ilikuja kweli. Pale pale lakini nilijikuta ninamtazama mama. Nilimwona akitoka dirisha la mapokezi kwenda kwenye mizani, akivua kandambili kwa sababu aliamini zinamwongezea uzito. Nilimwona akinyoosha mkono kwa muuguzi, akifunga vidonge kwenye pindo la khanga, akiaga watu asiowajua. Ukumbi ulikuwa kimya na mwanga ulikuwa laini, na nilitamani jaribio lile lisiishe. Miaka tisa dada alikuwa akimpokea mama kila asubuhi, nami nilikuwa naenda kaburini mara mbili kwa mwaka nikijiona ndiye mtoto mwema.

"Huyu ni mtu wa kubuni?" mkaguzi akauliza.

"Ni mama."

"Yupo?"

Dada akatikisa kichwa. Mkaguzi akaandika kitu, kisha akaeleza bila ukali kwamba kanuni hairuhusu kufanya majaribio kwa taarifa za mtu halisi, awe hai au marehemu. Hilo lingeweza kusahihishwa palepale. Akaendelea. "Nionyeshe mgonjwa aliyehamia kwingine." Dada akamwonyesha. "Nionyeshe aliyebadilishiwa dawa." Akamwonyesha. "Sasa nionyeshe aliyefariki."

"Hatua hiyo haipo," dada akasema.

"Haipo vipi?"

"Sijaiandika."

Mkaguzi akalivuta daftari la maombi. Humo wafanyakazi huandika kila wanachotaka kirekebishwe, na Subiri, pamoja na jina lake lote hilo, hurekebisha ndani ya siku mbili. Ombi moja lilikuwa limekaa wazi miaka minane. Muuguzi mkuu alikuwa ameliandika mara tatu kwa niaba ya mume wa mgonjwa, kwa kalamu tatu tofauti. Mkaguzi akalisoma kwa sauti yake ileile. "Mke wangu tumemzika. Kila mwezi simu yake inalia, inamwambia asisahau dawa. Watoto wanasikia. Naomba mumwache apumzike."

Muuguzi mkuu, aliyekuwa ameingia kufungua milango, akasimama na funguo zake. "Na si huyo peke yake," akasema. "Sisi tunafunga faili la karatasi. Programu ndiyo haijui."

Dada alikuwa anaitazama kibodi. "Kila siku nasema kesho," akasema. "Nikiiandika hatua hiyo, lazima niijaribu. Na wa kujaribia ninaye mmoja tu."

Mkaguzi hakumkaripia. Alimpa siku saba. Hatua ya kifo iwepo na ifanye kazi, la sivyo hakuna cheti.

Njiani ndipo hasira iliponipanda. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia mengine ambayo siyaandiki. Watu wa watu wanaumizwa na simu kila mwezi ili yeye apate wa kumsalimia asubuhi! Akakubali yote. Kukubali kwake kukanimaliza nguvu, nikasema lile lililokuwa linaniuma hasa.

"Umekaa na mama peke yako miaka tisa."

"Ningekwambia ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekuja kila asubuhi."

Wiki ile dada aliandika. Mchana alikuja kusimama dukani kwangu katikati ya vitambaa, akinitazama nikishona bila kuniona. Siku ya pili akaniomba nimbunie mgonjwa. Nikamtungia mwanamume mmoja mnene, mbishi, mpenda chumvi, anayemdanganya daktari kwamba anafanya mazoezi. Maskini, tulimuua mara arobaini. Kila alipokufa dada aliangalia kama ujumbe umekoma, na ukikoma anamfufua, anaanza upya. Ulipokuwa unakoma kila mara bila kukosea, akakaa na muuguzi mkuu na mafaili ya karatasi, wakawafunga marehemu mmoja mmoja, watu mia moja na kumi na wawili. Yule mume wa daftarini, dada alimpigia simu mwenyewe. Aliongea naye muda mrefu, na alipomaliza hakuniambia walisema nini.

Siku ya saba mkaguzi akarudi. Akamuua yule mbishi wetu kwa njia alizozijua yeye, kwa tarehe za uongo, kwa nafasi zilizoachwa wazi, na programu ikamkatalia kila palipostahili kukataliwa. Akaridhika.

"Imebaki rekodi namba moja," akasema. "Unaweza kuifuta, iwe kama haikuwahi kuwepo. Au uifunge kwa ukweli wake. Hapo uamuzi ni wako."

"Kufuta, hapana," dada akasema. "Alikuja hapa. Alikuwa wa kwanza."

Akaifungua. Kwenye nafasi ya tarehe ya kufariki vidole vikasimama. "Ilikuwa tarehe ngapi?" akaniuliza bila kugeuka. Anaijua kuliko mimi. Nikamtajia siku, nikamtajia mwezi, nikamtajia mwaka, polepole, naye akaandika. Mtoa taarifa, akaandika jina lake. Uhusiano na marehemu, hapo unachagua kwenye orodha aliyoiandika mwenyewe wiki ile. Mume. Mke. Mzazi. Ndugu. Jirani. Mhudumu wa afya. Akaishusha orodha mpaka chini, akaipandisha, akaishusha tena.

"Sikuweka mtoto," akasema. Machozi yakaanza kumtoka, na mimi pia.

Mkaguzi akainama akaangalia. "Hilo ni kosa," akasema. "Lakini umelikamata mwenyewe, tena mbele yangu. Cheti utakipata. Liongeze, sina haraka."

Dada akafungua maandishi ya programu, akaongeza mstari mmoja, akamuua yule mbishi kwa mara ya mwisho kuhakikisha, akarudi kwa mama. Safari hii orodha ilikuwa kamili, akachagua. Kidole kikafika kwenye kitufe cha kufunga, kikatulia. Kisha akarudi juu, kwenye nafasi ya mtoa taarifa, akaandika jina langu chini ya lake, akanivutia kiti. Nikakaa. Tukakibonyeza pamoja.