Mama Alipotuvusha Mdomo wa Ruvuma

Enzi zetu sisi watoto wa Chikongola, pale Mtwara mjini, shule ikifungwa wenzangu walipelekwa mashambani kuokota korosho. Mimi nilipelekwa nyumbani kwa wazazi wangu, na nyumba yenyewe ilikuwa inaelea.

Usicheke. Baba na mama waliishi kwenye mashua. Muhula mzima nilikaa kwa bibi, nikiwahi namba shuleni asubuhi na ufagio wangu wa chelewa mkononi. Likizo ikifika napanda chombo chao chenye tanga la viraka, tunapita Msimbati na Ghuba ya Mnazi hadi mdomo wa mto Ruvuma, kisha tunarudi. Walibeba nazi, makopa, chumvi, mikeka, na siku moja walibeba harusi nzima na ngoma zake.

Jiko la mama lilikuwa debe lililokatwa, likajazwa mchanga, juu yake mafiga matatu. Hapo alisonga ugali wa muhogo na kuchoma samaki changu, na asubuhi tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili. Mpaka leo sijala hotelini chakula kilichoufikia moshi ule. Mama akimaliza kupika, baba alishuka ufukweni kusugua masufuria kwa mchanga, mbele ya wanaume wenzake, bila kuona haya. Vijana wa siku hizi wakishika ufagio mara moja lazima wapigwe picha, dunia nzima ijue kwamba wanawasaidia wake zao. Baba alisugua masufuria miaka kumi na tano na hana picha hata moja.

Mama hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Newala, kule juu, ambako enzi zake ndoo moja ya maji ilifuatwa bondeni tangu alfajiri. Alipoolewa hakujua hata kuogelea. Baba akamfundisha, kisha akamfundisha kupima kina kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na kuyasoma maji kwa rangi yake. Lakini ufukweni watu walisema mwanamke chomboni ni mkosi. Kinara wao alikuwa Mzee Issa, mfanyabiashara wa nazi.

"Baba Somoe, mshushe mkeo ndipo nipakie," alikuwa akisema.

"Nikimshusha, nani atanisomea maji?" baba humjibu, na nazi za Mzee Issa huenda kwenye chombo kingine.

Nikiwa darasa la nne, likizo ya katikati ya mwaka, tulilala kwenye kijiji kimoja ndani ya mdomo wa Ruvuma. Chombo alichokikodi Mzee Issa kilikuwa kimepasuka ubao, basi akaja kwetu uso umemshuka. Baba akampakia yeye na nazi zake. Mzee akakaa juu ya nazi zake, mgongo kamgeuzia mama.

Asubuhi baba aliingia majini kung'oa nanga, akakanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Kabla ya siku ile sikuwa nimewahi kumsikia baba akilia. Mwiba ulimwingia karibu na kifundo, na mguu ukaanza kuvimba tukiuangalia. Mama alimvuta ndani, akachemsha maji, akautumbukiza mguu kwenye sufuria, maji ya moto kadiri baba alivyoweza kuvumilia.

Pale kijijini hapakuwa na zahanati. Maji yalikuwa yamejaa, lakini yakishakupwa, mafungu ya mchanga yaliyopo mto unapokutana na bahari yangetuzibia njia mpaka kesho.

"Tungoje," alisema Mzee Issa. "Tutafute mwanamume hapa kijijini atuvushe."

Mama akikasirika Kimakonde kilimtoka. "Nangu!" alisema akijipiga kifuani, yaani "mimi". "Mimi ni nani hapa? Mzee wangu, shika kamba ya tanga. Nikisema legeza, legeza. Somoe, chukua upondo, kaa mbele upime."

Akashika usukani. Baba alikuwa amefunga vitambaa kwenye upondo kuonyesha kina, nami nikawa napiga kelele, "Cha tatu! Cha tatu! Cha pili!" Mawimbi yalivunjika kushoto na kulia, meupe. Baba, jasho linamtiririka, akainua kichwa. "Mama Somoe, fuata yale maji ya..."

"Wewe weka mguu kwenye maji ya moto. Haya ya huku niachie."

Tukagusa mchanga. Chombo kikakoroma, nazi zikaporomoka, Mzee Issa akaanza kupiga shahada. Mama hakupiga kelele. Alitazama nyuma, akangoja wimbi lije, likatuinua, akavuta usukani. "Legeza!" Mzee Issa akalegeza. Tukateleza juu ya fungu, na mara nikaona chini ya upondo wangu maji ya matope yamekwisha, imebaki buluu tupu.

Upepo wa kusi ukatusukuma, tukafika Mtwara alasiri. Mama hakuuachia usukani hata mara moja, na viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu. Wapagazi waliomchukua baba kumpeleka hospitali waliuliza nani kawaleta. Mzee Issa alikohoa, akatazama miguu yake. "Mama Somoe," akasema. Mguu wa baba ulipona, na safari iliyofuata nazi za Mzee Issa zilikuwa za kwanza kupakiwa.

Leo chombo hakipo. Msimbati mtu anaenda kwa bodaboda na kurudi siku hiyo hiyo. Binti yangu ana ramani ya dunia nzima kwenye simu, na bado alipotea akienda sokoni. Watoto wa siku hizi hawajui, maskini, ladha ya kulala usiku mzima ukiyasikia maji upande wa pili wa ubao, baba na mama wakinong'ona mambo yao.

Wazee wangu wapo. Jioni hutembea ufukweni Shangani, baba akichechemea kidogo, mama akimpunguzia mwendo. Juzi niliwapeleka kliniki, mama ana tatizo la macho. Karani, kijana mpole, alikuwa akijaza fomu.

"Kazi ya bibi?"

Kabla sijafungua mdomo, baba akajibu, "Nahodha."

"Samahani babu, nimeuliza ya bibi."

"Nami nimekujibu ya bibi," alisema baba. "Andika."